Filamu Ambazo Wanaume Hawakuziona

Jaji aliposema, "Jambo hili halijapata kufanywa na mtu yeyote katika mkoa mzima wa Sharqiyah," nilisimama ghafla nikamwagia jirani yangu chai. Mie kwa kawaida ni mtu wa kucheka, nacheka mpaka matangani, Mungu anisamehe. Lakini jioni ile hasira yangu ingeweza kukausha falaji zote, mifereji ya maji ya Birkat al Mauz, na migomba ikaungua.

Yalikuwa mashindano ya filamu fupi pale mjini Ibra, huku Oman, miaka ya elfu mbili na kitu, nasi wanawake tumekaa nyuma ya pazia. Kijana mmoja alishinda kwa filamu ya harusi ya kaka yake. Ilianza kwa mikono ya mama anayefunga sanduku, sanduku linagoma, mama analikalia. Jaji akasifu, "Ubunifu mkubwa!"

Ubunifu! Nyuma ya pazia tulilipuka.

"Hiyo si ya shangazi yako?" bibi mmoja akaniuliza.

"Hata kanda yangu inaanza na sanduku!" akadakia mwingine.

Shangazi yangu alihamia Oman kutoka Tabora. Mwanzoni mwa miaka ya tisini mumewe alimletea kamera ya video nzito kama mbuzi wa Idi. Harusi zetu wanaume upande wao, wanawake upande wao, na mpiga picha mwanamume haingii kwetu. Akaingia yeye. Na hakuja kupiga picha tu, alikuja kuongoza. "Bibi harusi, usinitazame mie, mie si mumeo! Mtazame mamako!" Alikaa juu ya kigari cha mitungi ya gesi, mie nikamsukuma, picha ikawa inateleza kama inaruka. Mara moja nilimtumbukiza kwenye sinia la halua, na kamera haikuyumba hata kidogo, wallahi.

Watu walimwagiza kwenye soko la wanawake la Jumatano, na kila anayeolewa, toka mji wa Sur mpaka mji wa Adam, akataka kanda yake ianze na mama na sanduku, kama alivyobuni shangazi. Wasichana waliokuja nyuma yake wakamwiga. Hata dada wa yule mshindi, harusini kwake nilisukuma kigari mimi mwenyewe. Huyo kijana alisimuliwa na dada yake, akatengeneza, akapigiwa makofi.

Wakati huo nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni, nina cheti, najiona waziri. Nikaenda kwa mwenyekiti wa kamati. Kitabu cha mashindano kilikuwa bado hakijachapwa, nami nilitaka kimtaje shangazi kuwa ndiye wa mwanzo.

"Ya ukhti, dada yangu, tuonyeshe kanda," akasema.

"Wamo wanawake vichwa wazi. Waleteni wake zenu waangalie."

"Mke wangu si jaji."

"Na wewe hukualikwa harusini!"

Akacheka. "Basi ikateni. Watoeni wanawake, mtuletee kitakachobaki."

Shangazi hakubakiza nakala hata moja. Kila kanda alimkabidhi bibi harusi. Nikachukua ya harusi yangu, nikampelekea shangazi kwanza.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona umevimba kama andazi?"

Nikamweleza. Akaipokea kanda, akaishika muda mrefu.

"Kanda ni yako, mwanangu, lakini nywele zilizomo si zako. Wale walivua mitandio kwa kuwa niliwaambia haitatoka."

"Tukiwakata je?"

"Niliongoza nini basi, masufuria?"

"Watakiandika kitabu bila wewe!"

"Waandike." Lakini kidole gumba chake kilikuwa kinasugua ukingo wa kanda, na usoni hakunitazama.

Nikampigia mwenyekiti simu. "Kanda haiji."

"Basi hakuna ushahidi."

"Ushahidi upo! Macho yako ndiyo hayana ruhusa!" Nikakata simu.

Kitabu kilitoka. Muasisi wa filamu za harusi katika mkoa wetu, wameandika, ni yule kijana, ambaye shangazi alipopanda kigari yeye alikuwa bado anang'oka meno ya utoto. Nilikirusha hadi ukutani. Hasira hiyo ninayo mpaka leo, na wala sitaki kupoa.

Kanda yangu siwaonyeshi, na nyinyi pia msiniombe. Nitawaandikia kipande kimoja tu. Wote walipokuwa wananirushia maua, shangazi aligeuza kamera akaniacha, mie bibi harusi mzima! Akamfuata mama jikoni. Mama amesimama peke yake, ametugeuzia mgongo, anakula halua kwa pupa, mabega yanatikisika. Shangazi hakumsogelea, wala hakumwita. Alisimama mlangoni na uzito wote ule begani, akangoja mpaka mama akanawa mkono, akajifuta uso kwa kanga, akageuka, akampita bila kumwona, akaenda kupiga vigelegele kuliko watu wote ukumbini. Jiko likabaki tupu, bomba linadondosha maji, na shangazi akangoja tena kidogo ndipo akazima.