Gunia la Pili

Mama yangu alichambua pamba maisha yake yote. Alikaa barazani, miguu ameinyoosha, safi anaweka kulia na fifi kushoto. Fifi ni ile ya manjano, iliyonyeshewa au kuchafuliwa na wadudu. Enzi za ushirika, ukikutwa umechanganya, karani alikurudisha juani ukachambue upya mbele za watu. Wengi walichambua kwa kuogopa aibu hiyo. Mama alichambua hata pamba ya kujazia mito ya nyumbani. Nilipomuuliza kwa nini anajisumbua, alinishangaa.

"Mtu ndivyo alivyo," alisema.

Kisha likaja soko huria. Wanunuzi binafsi wakafika hadi Nkololo, nami nikapata ukarani kwa mmoja wao. Tajiri wangu alitaka lori lijae, basi. Safi na fifi halikuwa swali tena. Msimu mmoja tu, watu wakaacha kuchambua, wengine wakaongeza maji na mchanga. Sikukasirika wala sikushangaa. Niliona kumbe wema wetu wote ulikuwa ni kumwogopa karani.

Mama akaja na mkokoteni wa ng'ombe, magunia mawili.

"Ng'wangaluka, mayu," nikamsalimu mama kwa Kisukuma.

"Ng'wangaluka, ng'wanawane. Hili safi, hili fifi."

Nikapima, nikayamwaga yote mawili kwenye lundo moja, yeye akitazama. Ningeweza kusubiri aondoke kwanza. Sikufikiria. Mama akapiga magoti pale kwenye lundo, akaanza kuchambua. Foleni nzima ikacheka. Nikamshika mkono, nikamwinua.

"Mayu, acha, unanitia aibu. Siku hizi hakuna anayeuliza."

"Hata wewe huulizi?"

Nikamwambia lori linasubiri. Alikunja magunia yake matupu, akapanda mkokoteni, akaondoka.

Tangu siku hiyo hakuniletea pamba. Aliuza kwa mnunuzi wa upande wa pili wa barabara, nami nilikuwa namwona tu kwa mbali. Misimu miwili ikapita hivyo. Wa tatu alivuna, lakini akafa kabla ya kuuza.

Msibani sikulia. Nilipokea pole, nikala ugali, nikaitikia kila salamu. Mwili mzima ulikuwa na ganzi, kama mkono uliolaliwa. Shangazi mmoja alinitazama sana, nikaona hata kumkwepa ni kazi.

Watu walipotawanyika, niliingia chumbani kwa mama kutoa pamba yake. Nilijua nitakuta magunia mawili. Kwa kweli nilikuwa nayahitaji. Nilishaona watu wa kutosha wakiacha, nikataka awepo japo mmoja ambaye wema ulikuwa wake mwenyewe, bila karani. Nilijiambia kwamba nikiyaona, hapo ndipo nitalia.

Lilikuwepo moja, limejaa, limeshonwa mdomo kwa kamba. Nikalifungua, nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Nyeupe, manjano, majani makavu, vyote pamoja. Mama alikuwa ameacha kuchambua, na niliyemwachisha ni mimi.

Machozi hayakuja. Nikatazama nyuma ya mlango, nikainama chini ya kitanda, nikatoka kwenda kuangalia ghalani. Nilijua gunia la pili halipo. Nikarudi chumbani, nikatazama tena nyuma ya mlango.