Mvua ya Kiangazi Ilikuwa ya Nani

Nianze kwa kukiri. Kwa miaka mingi nimesimulia, kwenye madarasa ya chuo, kwenye harusi, hata misibani watu wakishachoka kulia, kwamba mama yake bibi yangu ndiye aliyemtilia Mjerumani mvua ya kiangazi. Kila nilipoulizwa kama nina hakika, niliapa. Ukweli ni kwamba sikuwa na hakika. Sijawahi kuwa nayo hata siku moja.

Mwezi uliopita nilikwenda Mwaya, kule kwetu kando ya ziwa, na sokoni nikachagua chungu cha Kikisi, kazi ya Wakisi wafinyanzi, chekundu, chenye shingo nyembamba. Mama muuzaji hakukubali niondoke nacho kikavu. Alikijaza maji, akakiweka peke yake juani, akaniambia nizunguke kwanza. "Ukirudi ukakuta yamepungua, usikichukue." Nilibaki nimesimama pale pale kama mtu aliyesahau kilichomleta, kwa sababu chungu kilichowekwa peke yake juani ndicho kilichonivuruga akili tangu nikiwa darasa la tano.

Unajua nyumba za kule zilivyokuwa. Ya bibi ilikuwa kati ya migomba na majaruba ya mpunga, na upepo wa ziwani ulileta harufu ya dagaa wa usipa walioanikwa hata siku ambazo hatukuwa na usipa. Kazi yangu ilikuwa kugeuza kakao juani na kufukuza kuku kwenye mpunga. Nilizifanya zote mbili vibaya, kuku wakanenepa. Jumapili tu ndipo nilipokuwa mtu huru. Mama yake bibi alikuwa miongoni mwa waliobatizwa mwanzo kabisa, na katika ukoo wetu Jumapili ufagio ulilala, moto haukuwashwa, tulikula wali wa jana, wa baridi. Bibi alisema mama yake asingeinua hata kijiti siku hiyo, hata kama nyumba ingeungua.

Ng'ambo ya migomba aliishi jirani yetu, Mkisi aliyeolewa upande wetu, mfinyanzi. Alikwangua udongo kwa kipande cha kibuyu huku akiongea na bibi bila kuinua macho. Vyungu vyetu vyote vilitoka kwake. Bibi alimpa mpunga na ndizi, na kila kitu kilipovuka migomba, neno lilikuwa moja, "Ndaga fijo," asante sana, ikajibiwa vivyo hivyo.

Sasa hadithi yenyewe. Wakati wa Mjerumani, karibu na ufukwe, alikaa mzungu ambaye hakuwa askari wala mhubiri. Kazi yake ilikuwa kupima. Alipima kina cha ziwa kwa kamba, joto kwa kijiti cha kioo, na vichwa vya watu kwa koleo, jambo ambalo bibi alilisimulia akicheka na ambalo mimi siku hizi silicheki. Uani kwake alisimika nguzo, juu yake kopo la bati la kupimia mvua. Mama yake bibi, wakati huo msichana, alikuwa mfagizi wa ule uwanja. Kiangazi kilipofika, kila asubuhi mzungu alilichungulia kopo lake, akalikuta tupu, akarudi ndani amenyong'onyea. Msichana akaona aibu. Mgeni anaamka, anakuta chombo chake kitupu, na wewe mwenyeji upo pale na ufagio? Akaanza kuwahi na kutia maji kidogo kabla hajaamka. Mzungu alipima, akayamwaga, akafurahi mpaka akawaita wazee, akawaeleza kupitia mkalimani kwamba amegundua jambo: ziwa hili huzaa mvua usiku bila mawingu. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Kumbishia mgeni haikuwa adabu.

Nilipokuwa darasa la tano, mwalimu wetu wa hesabu alitufundisha wagunduzi wa dunia. Alituambia sifuri tunayoiandika tumepewa na Wahindi, aljebra ina jina la Kiarabu, Wamisri walipima mashamba upya kila mto ulipofurika, na kuna Mgiriki aliyetoka mbio kwenye maji ya kuoga bila nguo kwa sababu ya hesabu. Huyo tulimpenda kuliko wote. Kisha akasema, "Sayansi haina kabila. Kesho kila mmoja aje na mgunduzi wa kwao."

Mmoja alileta mjomba anayetengeneza redio. Mwingine alileta babu aliyekuwa akienda msituni kuomba mvua. Mimi nikamleta mama yake bibi, nikasimulia yote.

"Sasa huyo aligundua nini?" mwalimu akauliza.

"Mvua ya kiangazi, mwalimu."

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. Alisimama na chaki mkononi, akatazama ubao, akanitazama mimi. "Huyu hakugundua, huyu aliharibu," akasema. Kisha akasita. "Au yule mzungu ndiye... Hebu kaa chini, nitafikiri." Nilimaliza shule ya msingi akiwa bado anafikiri.

Habari ilivuka migomba kabla sijafika nyumbani. Jirani aliniita.

"Mjukuu wangu, nasikia umemtangaza mama wa watu shuleni."

"Ndiyo, bibi."

"Umemtangaza asiyekuwepo. Mama yangu ndiye aliyekuwa akimchotea maji yule mzungu, kila siku iliyokucha. Akakuta chombo kimewekwa peke yake juani, kitupu. Kwetu chombo kikiwekwa hivyo kinajaribiwa kama kinavuja, na huyu mzungu amesahau kutia maji. Akamtilia. Kesho akakuta kikavu. Akatia tena. Kikavu. Mpaka anakufa mama yangu alisema Wajerumani wana bunduki nzuri, ila vyombo vyao vyote vinavuja."

Bibi yangu alikuwa akisikia. "Mama yako alipita na chungu kichwani," akasema kutoka ng'ambo. "Kopo angeliona na jicho gani?"

"Na wako alifagia ameinama, dada. Angeliona vipi, liko juu ya nguzo?"

Nilicheka, nikadhani ni utani wao wa siku zote. Haukuwa utani. Tangu siku hiyo hakuna chungu kilichovuka. Cha kwetu kilipopasuka, bibi alipika mbasa, samaki wa ziwani, kwenye sufuria, wakawa na ladha ya bati, na akala akisema ni watamu. Mvua ikinyesha, jirani alipaza sauti, "Tegeni vyombo, mvua ya kwetu hiyo!" Bibi alifunga dirisha.

Nilimwuliza mara moja kwa nini asimwachie tu. Mvua yenyewe haikuwa ya kweli. Aliendelea kupeta mchele. Kisha akaniambia kwamba mto ulipofurika ulichukua kaburi la mama yake, na picha hakuwahi kupigwa. "Kopo lile ndilo nililobaki nalo," akasema. Ndiyo maana niliapa.

Chuoni nilichanganyikiwa zaidi, kwa elimu safari hii. Mzungu alitazama kopo kila asubuhi, akafikia jawabu. Mwanamke aliyemchotea maji alitazama kopo hilo hilo kila asubuhi, akafikia lake. Mmoja alisema mvua inanyesha, mwingine alisema kopo linavuja, na wote wawili walijaribu tena na tena kama mwalimu alivyotufundisha. Nani alikuwa mwanasayansi? Na kama ni msichana wa ufagio, je, heshima kwa mgeni nayo ni kosa la vipimo? Niliandika insha juu ya hilo. Mhadhiri aliniuliza hitimisho liko wapi. Hadi leo sijaliona.

Wote wameondoka sasa, bibi kwanza, jirani akafuata. Bibi alipofariki, jirani alikuja msibani kwetu, akakaa kwenye mkeka, hakuitaja mvua. Ile migomba imekatwa, pamejengwa ghala la kakao. Maji yanachotwa kwa ndoo za plastiki, ambazo hakuna anayezijaribu.

Rafiki yangu mmoja anafanya kazi na vipimo vya zamani vya hali ya hewa. Nilipomsimulia, alisema vya mzungu yule huenda vipo, atavitafuta. Nilimwomba jambo moja tu: aangalie Jumapili. Kama Jumapili za kiangazi ni kavu, mvua ni yetu. Niliomba hivyo kwa kujiamini sana, kisha nikakaa miezi bila kumkumbusha.

Alipiga simu siku ile ile ya Mwaya, nikiwa bado sokoni, nimesimama mbele ya chungu changu.

"Dada, nimevipata. Kiangazi kizima kuna mvua, kidogo kidogo, kila asubuhi. Kichekesho kitupu."

"Na Jumapili?"

Nilimsikia akibonyeza kompyuta. Kwenye chungu, maji yalikuwa bado pale pale shingoni yalipoachwa.

"Jumapili imenyesha," akasema. "Zote zimenyesha, sawa na siku nyingine. Kwani kuna tatizo?"

"Hakuna," nikamjibu. "Ni mvua ya jirani."