Marehemu wa Chama cha Makafi

Juzi nilikwenda Masasi, pale Mkomaindo, kumzika shemeji yangu. Kabla mwili haujatoka, kijana mmoja aliyevaa tai alisimama akasoma karatasi: marehemu alikuwa mpole, msikivu, mpenda majirani. Nikajiuliza kama nimekosea msiba. Shemeji yangu mpole? Yule aliyemfukuza mbuzi wa jirani mpaka akaingia naye chumbani kwa jirani? Mungu anisamehe, nilicheka ndani ya kanga yangu. Njiani kurudi nyumbani nikawa nawafikiria wale wazee wa utotoni mwangu, walivyojua kuwakumbuka wafu wao.

Mimi nimelelewa na bibi yangu kijijini Mkunya, kule juu Newala, enzi za Mjerumani. Kama hujafika kwetu, rafiki yangu, ujue kwamba juu ya uwanda ule maji ni ya kutafuta. Bibi aliteremka bondeni na mtungi alfajiri, akapanda nao jua likiwa limeshawaka, na ole wako umwage hata kata moja. Sasa ajabu ya Mungu, watu hao hao ambao kuoga kwao kulikuwa kwa kupanga ndio waliokuwa na chama cha mitumbwi. Wengine walitoka Mkunya, wengine Chilangala, wote wakulima wa muhogo, na kila mwanachama alikuwa na kafi lake la kupigia maji. Tulikiita Chama cha Makafi.

Kila kiangazi, mto Ruvuma ulipopungua na michanga kutokeza, wanachama waliteremka na wake, watoto na kuku wao, wakapiga kambi ukingoni siku kadhaa kushindana mitumbwi. Sisi watoto tulibeba ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, na njugu mawe. Kazi yangu ilikuwa kuwageuza kambale juu ya uchaga wa moshi, na mpaka leo nikisikia harufu ya kambale mkavu machozi yananitoka kabla sijajua nakumbuka nini. Ming'oko tuliichemsha, tukaimenya kwa meno, tukala huku tukiwazomea wanaoshindwa.

Lakini mashindano hayakuanza mpaka wafu wasalimiwe. Mtumbwi mmoja ulivutwa ukawekwa mchangani, pakavu. Kisha mtani wa kila marehemu, kwa zamu, aliingia humo na kafi la marehemu wake, akamcheza. Aliiga alivyokaa, alivyokohoa, alivyosingizia upepo. Watu wakicheka, marehemu amesalimiwa vizuri. Wasipocheka, mtani anatozwa jogoo, na jogoo huyo analiwa huku yeye akitazama.

Nilimjua kwa njia hiyo yule fundi aliyechonga mitumbwi yote ya chama na mwenyewe akiogopa maji. Mtani wake alikuwa akishika kingo kwa mikono miwili na kupiga kafi kwa kidevu. Nilimjua na mzee mmoja aliyeshindwa kila mwaka na kila mwaka akawa na sababu: mara kafi zito, mara jua, mara ugali wa mkewe. Mjane wake alikaa mstari wa mbele, akacheka mpaka akashika mbavu. "Ugali wangu!" alikuwa akipiga kelele. "Mbona alikuwa anaumaliza?" Wote hao walikufa kabla sijazaliwa, na bado ningewatambua njiani.

Babu yangu, mume wa bibi, hakuchezwa.

Mwaka wa vita vya Maji Maji askari walipita kwetu wakitafuta wapagazi. Babu alitwishwa mzigo, akafuata njia ya Masasi. Waliokwenda naye walirudi, yeye hakurudi. Mmoja wao alisema walimwacha kijiji fulani akiumwa tumbo, wala jina la kijiji hakulishika. Hakukuwa na kaburi wala matanga. Kiangazi kilichofuata, mtani wa babu alimjia bibi kwa adabu, akaomba kafi.

"Nani kakwambia amekufa?" bibi akamuuliza. "Mtu aliye safarini hachezwi."

Mwaka wa pili akamjibu vile vile. Kila mtu alielewa: siku babu atakapochezwa, ndiyo siku atakapokuwa amekufa, na bibi atakuwa mjane. Hakuna aliyetaka kumsukuma huko.

Mwaka wa tatu mtani alikuja amekonda, kikohozi hakimpi nafasi. Alikaa karibu na uchaga wangu, bibi akipepeta mtama hapo kando, akapumua kwanza.

"Mke wangu," alisema, maana watani huitana hivyo, "mimi kiangazi kijacho sikioni. Waliomjua mumeo vizuri tumebaki wawili, mimi na wewe. Nikienda, atachezwa na nani? Atapotea mara mbili."

 Bibi aliendelea kupepeta, akapepeta mpaka hakukuwa na pumba tena kwenye ungo. Mwisho alinituma nikalete kafi.

Basi mtani akaingia mtumbwini. Na hapo, maskini, akakosea kosa ambalo hajapata kulikosea maisha yake yote: alimwonea bibi huruma. Alimcheza babu kifua mbele, shingo imenyooka, akipiga kafi kushoto na kulia kama anayekwenda kuoa. Alimcheza hodari. Watu walitazama chini. Hakuna aliyecheka, na mwenye kutoza jogoo hakuthubutu kumdai.

"Huyo nani?" bibi akauliza.

Alisimama. "Nasema, huyo nani? Miaka miwili nimekunyima mume wangu, leo nakupa, unaniletea mtu nisiyemjua? Toka humo!"

Akajifunga kanga kiunoni, akaingia mtumbwini, akachukua kafi. Alikohoa mara tatu. Akageuka nyuma kuhakikisha kama wanawake wanamtazama. Akapiga maji mara mbili tu, akasimama kurekebisha kofia ambayo haikuwapo, na kwa jinsi alivyoinama ubavu tuliuona kabisa mtumbwi ukienda wenyewe kwenye matete. Akakwama. Akalaumu matete. Halafu akamwona kiboko. Akavua ile kofia, akaiweka kifuani. "Shikamoo, mzee," akasema kwa sauti ya babu, nyembamba ya puani. "Sisi ni wapita njia tu. Mwenye fujo ni yule wa nyuma."

Watu walianguka. Mtani alicheka mpaka kikohozi kikamlaza mchangani, akawa anapiga ardhi kwa kiganja. "Ndiye!" alikuwa akisema. "Ndiye mwenyewe!"

Kicheko kikaisha polepole, bibi akaendelea kupiga kafi. Alipiga na kupiga, pale pakavu, mchanga ukiruka, machozi yakimshuka mpaka kidevuni wala hayafuti. Mtani alijikongoja akamshika bega.

"Inatosha, mke wangu. Amevuka."

"Bado kidogo," bibi akasema. Akapiga mara moja tena, kisha akashuka, akaomba maji ya kunywa. Matanga ya babu yakaanza siku ile ile pale ukingoni.

Mtani hakufikia kiangazi kingine, kama alivyosema. Chama nacho kikaisha. Mjerumani akaingia vita vingine, makafi yakawa kuni, na bibi tukamzika Mkunya. Babu mwenyewe simkumbuki. Aliondoka nikiwa mdogo mno. Wajukuu zangu wakiniuliza alikuwaje, nakohoa mara tatu, nageuka nyuma, navua kofia, nao wanacheka sana. Siwaambii kwamba uso ninaouona wakati ule ni wa bibi.