Wakili Akiingia, Baba Anatoka

Nyumba ya wazazi wangu hapa Sironga ina taa katika kila chumba, soketi kumi na nne, na runinga ya inchi hamsini na tano iliyotundikwa ukutani bila waya hata moja kuonekana. Kazi hiyo yote niliifanya mimi. Sikumwita mtu hata wa kunishikia ngazi. Nina diploma ya umeme, na kwa miaka minane nilifunga nyaya katika hoteli za Doha, ambako wanaume walionicheka asubuhi walirudi jioni kuniuliza kwa nini zao zinatoa cheche. Nilirudi nyumbani kwa hiari yangu, na begi la vifaa ambalo sikumruhusu mtu mwingine alibebe.

Lakini kuna jambo lililoninyima raha. Wiki niliyomaliza kazi, jirani yetu alisimama mlangoni, akaangalia dari, akamwuliza baba, "Nani alikufungia hizi, mzee?"

"Fundi alitoka mjini," baba akajibu.

Nilikuwa pale uani, nikasikia. Ni kweli nilikuwa nimetoka mjini, kwa sababu asubuhi hiyo nilikwenda Kisii kununua waya. Lakini hakusema ni mimi. Tangu siku hiyo nilitaka neno moja tu litoke kinywani mwake mbele ya mtu mwingine: kwamba fundi ni binti yake.

Sisi ni Wasabato, kwa hiyo Jumamosi runinga hulala. Jumapili saa nane mchana huwa kuna marudio ya wiki nzima ya tamthilia tunayoipenda. Mhusika mkuu ni wakili mwanamke aliyerithi kesi iliyomshinda babake, na kila anapoingia mahakamani, wanaume wenye makoti meusi huanza kufungua faili upya. Tulikuwa tukitazama watatu: mama, mimi, na wifi yangu, mke wa kaka yangu anayefanya kazi Nakuru. Baba naye ana kiti chake mbele ya skrini. Lakini muziki wa kuanzia ukisikika tu, huchukua koti.

"Naenda kumwangalia ng'ombe," husema.

Kaka yangu akija likizo na filamu zake za wanaume wenye bunduki, baba hukaa mpaka mwisho, chai ikipoa mkononi. Nikajumlisha mambo hayo mawili, nikaona nimepata jibu.

"Hawezi kumtazama mwanamke akiwa mbele," nilimwambia mama Jumapili moja. "Anataka aliye mbele awe mwanamume, na mwanamke awe nyuma akipiga kelele. Ndiyo maana hata stima ya nyumba hii ilifungwa na fundi wa mjini."

"Na hao wa bunduki hawali," wifi akadakia. "Saa mbili nzima hakuna aliyeomba chai! Mke amefungwa kwenye kiti, anangoja kuokolewa. Mimi ningeuliza, na kuni za huko hupasuliwa na nani?"

Mama alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akanigeukia. "Wewe nawe kaa chini. Unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia."

Sikuweza kukaa. Nilikwenda dirishani, nikarudi, nikapunguza sauti, nikaiongeza. Mvua ikaanza, picha ikakatika mara moja na kurudi. Nilishukuru kupata sababu ya kutoka nikaangalie dishi.

Nilipozunguka kona ya nyumba, nilimkuta baba chini ya upenu, mgongo ukutani, sikio karibu na dirisha. Ng'ombe alikuwa mbali, kule kwenye mpaka wa majani chai, akilowa peke yake.

"Tata," nikasema, maana ndivyo tunavyomwita baba.

Hakushtuka. Aliinua kidole ninyamaze, akasikiliza kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Huyo wakili amejua kwamba dereva ndiye shahidi?"

"Bado," nikajibu. "Kwa nini usiingie ukae?"

"Nikae? Wewe uko pale, mke wa ndugu yako yuko pale, halafu wale watu waanze kushikana mashavu? Hiyo diploma haikukufundisha ensoni?"

Ensoni ni ile haya yetu: mzazi hakai na mwanawe, wala na mke wa mwanawe, mahali ambapo mambo ya mapenzi yanaonekana. Filamu za kaka yangu zina damu, hazina mabusu. Mimi niliyekuwa nimezoea kutazama runinga katika bweni la wanawake wa nchi sita nilikuwa nimesahau kabisa. Nilikuwa nimefunga skrini kubwa kuliko zote kijijini mahali ambapo mwenye nyumba hawezi kuitazama.

Wengine wakikosea hujuta. Mimi nikikosea hutoboa ukuta. Jumanne nilikwenda Kisii, nikarudi na runinga ndogo, na kufikia jioni nilikuwa nimepitisha waya kutoka sebuleni, juu ya ua, mpaka jikoni, ambako ni nyumba ya peke yake. Kazi safi. Jumapili iliyofuata wifi alitazama akiwa karibu na moto wake, na baba alikaa kwenye kiti chake, mama kando yake. Muziki wa kuanzia ukasikika. Koti lilibaki kwenye msumari.

Nami? Sebuleni nisingeweza kuingia, maana haya inanihusu mimi pia. Jikoni kulikuwa na kigoda changu, lakini nilikikalia dakika mbili tu. Nikaenda kusimama chini ya upenu, palepale pa baba, nikiisikiliza kesi kutoka pande mbili.

Ndipo jirani akaingia uani akiwa amelowa mvua, akavua koti, akalitundika juu ya waya yangu. Jikoni wifi akapiga yowe. Kabla sijafungua mdomo, baba alikuwa mlangoni.

"Wewe! Toa hilo koti!"

"Si ni kamba ya nguo?"

"Hiyo ndiyo picha ya jikoni. Unawazimia wanawake kesi!"

"Basi si umwite yule fundi wako wa mjini?" jirani akasema, akilivuta koti taratibu.

Baba alinitazama, akaitazama waya.

"Fundi ndiye huyu amesimama. Ni msichana wangu. Ana diploma, na hakuna aliyemshikia ngazi."

"Mbona siku ile hukusema?"

"Hukuuliza ni wa nani. Ingia kama unaingia, hukumu inasomwa."

Wakaingia wote wawili, mlango ukafungwa. Nilisikia sauti ya wakili ikipanda, na baba akimweleza jirani dereva ni nani. Nilikuwa nimelipata neno langu, na bado miguu ilikataa kutulia. Nikachukua ngazi, nikapanda, nikakaza kibanio ambacho hakikuwa kimelegea.