Kadi ya chanjo ya mama ilivyotufanya tubadilishe meli ya likizo

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Nilichokiona nitasema nimekiona, na nilichodhani nitasema nilidhani. Majina nimeyabadilisha na kampuni sizitaji, maana lengo si kumchafua mtu.

Mimi ni fundi wa pampu za maji, naishi Mikumi. Shule niliishia darasa la saba, mengine nimejisomea. Hilo nalisema ili mjue kwa nini nina tabia ya kusoma kila karatasi mpaka maandishi madogo ya chini.

Mama yangu anaishi Ulaya. Si ile ya wazungu, Ulaya yetu ya Kilosa. Ana dada yake mmoja tu aliyebaki hai, ambaye mimi namwita Mama Mkubwa. Aliolewa Mombasa zamani na hawajaonana tangu mimi nikiwa mdogo. Mwaka huu tukapata habari kwamba Mama Mkubwa hatoki tena nje, anaumwa miguu na macho.

Mama akasema neno moja tu: "Nipelekeni nikamwone akiwa bado ananisikia."

Shida ni mgongo wa mama. Basi la kutoka huku mpaka Mombasa hawezi. Nikapiga mahesabu ya njia: treni ya umeme kutoka Kilosa mpaka Dar, kisha meli ya kitalii ya siku nne inayopita Unguja, Pemba na Mombasa. Mama analala kitandani, watoto wanapata likizo, na mke wangu anapumzika. Watu sita.

Wakala wa hiyo meli pale Mikumi ni kijana mmoja Mnyamwezi wa Tabora, tumwite Shija. Ana ofisi ya chumba kimoja karibu na barabara kuu, huwakatia watu tiketi na kuwapangia safari.

Kwa wasiojua, sisi Wasagara na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anaweza kukutukana msibani na ukacheka. Shikeni hilo, maana ndipo nilipokosea.

Sasa masharti. Kampuni ilitaka kila abiria awe na kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Hakuna asiyehusika, mzee wala mtoto.

Tukaenda kituo cha chanjo Morogoro mjini familia nzima. Watano tukachomwa sindano bila tatizo.

Kwa mama, daktari akasita. Alimuuliza umri, kisha dawa anazotumia. Mama anatumia dawa za viungo ambazo, kwa maelezo ya daktari, zinapunguza kinga ya mwili. Akanieleza kwamba chanjo hii ina kirusi hai kilichodhoofishwa, na kwa mtu wa umri wa mama mwenye dawa zile, hatari ni kubwa kuliko faida. Hakumchoma. Akamwandikia barua rasmi ya msamaha wa chanjo, akagonga muhuri na kusaini.

Nilipofika nyumbani nikatafuta na kusoma mwenyewe. Daktari alikuwa sahihi.

Tukapeleka barua kwa Shija. Akawapigia kampuni simu mbele yetu. Jibu likawa fupi: barua haikubaliki, kadi au hakuna safari.

Mama alikuwa amekaa kwenye benchi. Alikuwa anakunja tu pindo la khanga.

Shija akaanza utani.

"Wewe Msagara, huyu bibi ni mke wangu tangu kwa mababu. Wakimkataa huko, nitamchanja mwenyewe hapahapa."

Mama akamjibu papo hapo: "Utanichanja na nini wewe, Mnyamwezi? Na ule mti babu zako waliobebea mizigo ya watu mpaka Bagamoyo?"

Ofisi nzima ikacheka, hata mimi nilicheka. Tukaondoka tukiwa hatujui la kufanya.

Baada ya kama wiki moja, Shija akanitumia meseji kwamba mambo yameiva, nipite kuchukua bahasha. Nikafurahi, nikajua kampuni imelegeza msimamo.

Nikafungua bahasha. Orodha ya abiria: majina sita, na mbele ya kila jina limeandikwa "amechanjwa". Hata la mama.

Chini ya orodha kulikuwa na kadi ya njano yenye jina la mama.

Nikakaa chini. Nikatoa kadi yangu nikaziweka sambamba. Namba ya chupa ya chanjo kwenye kadi ya mama ilikuwa ileile ya kwenye kadi yangu, tarakimu kwa tarakimu. Tarehe ilikuwa ya siku tano baada ya sisi kuchomwa. Nikafungua kalenda ya simu. Ilikuwa Jumapili, na kile kituo Jumapili hakifungui. Nilikuwa nimeisoma ratiba yao mlangoni.

Muhuri ulikuwa mzuri mno, wa kwangu umefifia upande mmoja.

Wakuu, pale moyo ulibadilika. Nikaanza kumtilia Shija shaka kwa kila kitu. Je, tiketi zenyewe ni za kweli? Hiyo meli ipo? Ile simu aliyoipiga mbele yetu, alikuwa anaongea na nani?

Nikarudi ofisini kwake peke yangu. Lilikuwa kosa la pili; la kwanza ni kuuchukulia ule utani wake wa kuchanja kuwa mzaha tu.

"Shija, hii kadi imetoka wapi?"

"Mtani, bibi amepona uzee. Ameamka Jumapili akajichanja."

"Nauliza kweli."

"Na mimi nakujibu kweli. Tangu lini Msagara akamwamini Mnyamwezi?" Huku anacheka.

Nikapandisha sauti kidogo. Akaweka mkono kifuani: "Ah, unakasirika? Mtani hakasiriki. Nikutoze kuku wa faini?"

Mnaona mtego? Kila nilichosema kiliingia kwenye utani na hakikutoka. Kwa mila zetu, anayemkasirikia mtani wake ndiye mwenye kosa. Watu wawili waliokuwa wanasubiri tiketi walikuwa wanacheka pamoja naye. Nikaondoka mikono mitupu.

Nikamweleza mke wangu. Yeye ni Mpare wa Same, na mnajua Wapare wanavyosemwa kuhusu kesi, kwamba hawaiachi mpaka iishe. Alisikiliza mpaka mwisho akasema: "Wewe ni mtani wake. Mimi si mtani wake. Twende."

Tukaenda mchana uleule. Shija akaanza: "Karibu shemeji, leo umeletwa kunipiga?"

Mke wangu hakukaa. "Mimi si Msagara, na sijaja kucheka. Hii kadi nani amegonga muhuri?"

Shija akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia ukutani.

"Shemeji, haya ni mambo ya watani..."

"Nimekuuliza swali moja. Mama mkwe wangu akikamatwa bandarini na karatasi ya kughushi, wewe utakuwa wapi?"

Kicheko kikaisha. Akafunga mlango wa ofisi. Akakiri kwamba kuna mtu anamjua anayetengeneza. Halafu akasema jambo ambalo sikulitarajia.

"Lakini mimi sikuanza. Niliombwa."

"Na nani?" nikamuuliza.

"Kamuulize bibi."

Sikumwamini. Nilidhani anamsukumia mama lawama kwa sababu mama hayupo. Asubuhi yake nikapanda pikipiki mpaka Ulaya.

Mama alikuwa anapepeta mahindi. Nikamwamkia, akaitikia. Nikampa ile kadi.

Hakuipokea. Akasema: "Ndiyo, nilikwenda mwenyewe. Nilipanda gari la soko, nikamwambia yule mtani, ulisema utanichanja, basi nichanje."

"Mama, na kwa nini hukuniambia mimi?"

"Nikuambie wewe?" Akaendelea kupepeta. "Wewe Rajabu ungesoma karatasi mpaka dada yangu afe."

Nilikuwa nimekagua muhuri, kalenda na ratiba ya kituo. Mtu aliyekuwa na sababu kubwa kuliko wote sikumkagua, maana ni mama yangu. Na yeye alikuwa amenitilia mimi shaka kabla mimi sijamtilia mtu yeyote. Aliona kabisa kwamba nikikwama kwenye masharti, nitaahirisha, na kuahirisha kwa umri wao si jambo dogo.

Nikamwambia: "Nipe siku saba. Nisipopata meli inayokubali barua ya daktari, nitakubeba kwa gari dogo, tukilala njiani kila mgongo ukichoka."

Akasema: "Saba. Nazihesabu."

Tiketi za ile meli tukazirudisha. Kadi niliichana vipande mbele ya Shija. Habari za pesa si mada ya uzi huu.

Siku ya nne nikapata kampuni nyingine. Meli ndogo, juu abiria na chini shehena. Binti yangu Zuhura, ambaye alishawaambia darasa zima kuhusu bwawa la kuogelea, alipoona picha alisema: "Baba, hii si meli ya kitalii. Hii ni meli ya vitunguu."

Bibi yake, ambaye amezaliwa Lumuma kwenye vitunguu vyenyewe, akamwambia: "Vitunguu ndivyo vilivyomsomesha huyo aliyekuzaa. Panda."

Lakini nami sikuwa mtulivu. Mtu akiumwa na nyoka, ung'ongo humshitua. Kwa nini hawa wakubali kile ambacho wenzao wamekataa? Niliwaandikia mara tatu, kwa siku tofauti, swali lilelile kwa maneno tofauti. Majibu yote matatu yalilingana: asiyeweza kuchanjwa kwa sababu za kiafya anapokelewa akiwa na barua ya daktari yenye muhuri, lakini uamuzi wa mwisho ni wa afisa wa afya wa bandari.

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo iliyonifanya niwaamini. Tapeli hakuambii kwamba unaweza kukataliwa.

Nikamsomea mama kila kitu, pamoja na uwezekano wa kurudishwa. Akasema twende.

Tukafika Mombasa asubuhi. Kwenye meza ya afya, afisa kijana akapokea kadi zetu tano, akamgeukia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Wewe ulidungwa sindano lini?"

Mimi nilishafungua mdomo. Mama akanitangulia: "Sikudungwa. Daktari alinikataza kwa sababu ya dawa zangu. Karatasi anayo huyu."

Afisa akaisoma barua mara mbili, akaenda nayo chumba cha ndani. Tukakalishwa kwenye benchi. Sikumbuki ni dakika ngapi, nakumbuka tu mke wangu alikuwa amenishika mkono kwa nguvu.

Nikamuuliza mama kwa sauti ya chini: "Ungekuwa na ile kadi ya Shija, ungemjibuje?"

Akafikiri. "Ningemjibu hivyohivyo. Mtu amekuamkia vizuri, utamdanganyaje?"

Maana yake, wakuu, angeingia na kadi ya uongo mkononi na maneno ya kweli mdomoni. Sote sita tungekamatwa palepale, na dada yake hapo mjini asijue.

Afisa akatoka, akamrudishia mama barua, akamwambia ndani ya siku chache zijazo akipata homa aende hospitali mara moja. Tukapita.

Mama Mkubwa alikuwa amekaa kwenye mkeka barazani. Macho hayaoni vizuri, lakini sauti ya mdogo wake aliijua kabla hatujafika mlangoni. Waliongea Kisagara mpaka adhuhuri, mimi nikielewa kama nusu tu. Walicheka zaidi ya nilivyotegemea, na kuna wakati walishikana tu vidole.

Nilichojifunza mimi ni hiki. Barua ya msamaha ya daktari ipo na ni halali, lakini kila kampuni ina msimamo wake. Ulizeni kwa maandishi kabla hamjalipa. Kadi ya kununua msiiguse, hata ikiletwa na mtu mnayecheka naye. Na ukiwa na jambo zito na mtani wako, tafuta mtu asiye mtani alizungumze.

La mwisho ni gumu kuliandika. Mama yangu aliona ni rahisi kumwendea mgeni mwenye muhuri wa uongo kuliko kuniambia mimi kwamba anaogopa muda. Tangu turudi nimekuwa nikimpigia simu kila Ijumaa, na simuulizi habari za karatasi yoyote.

Aliyewahi kupita mpakani au bandarini na mzazi mwenye barua ya msamaha, atueleze alipokelewaje. Na wenye wazazi wanaowaficha mambo, nyie mlianzia wapi kulirekebisha? Nasoma kila jibu.