Msusi Aliyejifanya Binti

Kaka yangu anachomelea mageti, na hasira zake zinawaka kuliko mashine yake. Alipogundua kuwa binti yake wa miaka kumi na minne ana "mjomba" asiye wa kuumeni wala kukeni, anayemnunulia simu na viatu, alitaka kumcharaza binti. Nami nilimuunga mkono, nikamwambia asimwonee huruma. Kumbe tungekuwa tunampelekea fisi nyama.

Aliyetuzuia ni msusi wa mtaani kwetu. Mwanawe mwenyewe aliwahi kurubuniwa, akarudi kwa taabu. Tangu hapo mzazi mwenye shida kama hiyo hukalishwa kwenye kiti cha saluni, mlango ukafungwa, na msusi akageuka mtoto. Anabinua midomo, anachezea simu, anajibu kwa mkato. Mzazi anajifunza kuongea bila kufoka.

"Umetoka wapi wewe?" kaka alinguruma.

"Ukiniuliza hivyo, naenda kwa anayeniuliza vizuri," msusi alijibu, akiendelea kuchambua nywele za bandia. "Rudia, baba."

Akarudia mpaka jasho likamtoka. Mimi nilicheka hadi nikatolewa nje, lakini moyoni nilimvulia kofia mama yule. Subira aliyokuwa nayo sijaiona popote, na kwangu ndiyo usiseme.

Jioni binti aliingia na viatu vingine vipya. Nilikuwa jikoni, nimejing'ata ulimi.  Kaka akajikalia sakafuni, mwanaume mzima.

"Mwanangu, nimefundishwa cha kukuambia, chote kimenitoka. Naogopa kukupoteza."

Binti hakuwahi kumsikia baba yake akisema anaogopa chochote. Akakaa kando yake.

"Na mimi naogopa, baba. Amesema nikimwacha ataniumbua."

Kaka alikunja ngumi, halafu akaikunjua taratibu. Hilo alifundishwa, na hilo hakulisahau.

"Kosa si lako," alisema. "Kesho tunakwenda polisi wote."

Nilimpigia msusi simu huku nalia. Hakuuliza mengi. Asubuhi tulipofika kituoni tulimkuta ameshakaa kwenye benchi, amemwekea binti nafasi kando yake.