Akina Mama Walipolima Nyasi Zangu

Niliondoka Tawa asubuhi moja ya Desemba, miaka ya sabini, bila kujua naenda wapi. Nilifunga mlango wa kibanda, nikatupa blanketi begani, nikafuata barabara upande ilikokuwa ikiteremka.

Kibanda kilikuwa nyuma ya soko, kwenye kiwanja ambacho tingatinga la barabara lilikuwa limekwangua udongo wote wa juu. Mwenye kiwanja, mama mmoja muuza nguo, aliniacha nilale pale ili nizuie maji ya mvua yasichimbe ukuta wa duka lake. Alitaka mitaro tu. Lakini mimi niliacha shule darasa la tano, na kujiuliza sikuacha. Je, ardhi iliyochubuliwa hivi inaweza kuota tena kama porini?

Nikawa napanda milimani kukusanya mbegu: mbeetwa, nyasi inayopendwa na ng'ombe wetu, na maua ya manjano na ya buluu nisiyoyajua majina. Nilizimwaga mitaroni, nikazifunika kwa matawi ya miiba, mbuzi wasifike. Mwaka wa kwanza hakukuota kitu. Mwaka wa pili, kwa mvua za Novemba, kiwanja kizima kikafunikwa. Walikuja vipepeo ambao sikuwahi kuwaona pale sokoni. Jioni nilikaa mlangoni nikitazama, peke yangu, wala sikumwambia mtu. Zilibaki kama wiki mbili mbegu zikomae na kuanguka, kisha kiwanja kingejipanda chenyewe.

Ndipo malaria ikanilaza. Siku ya tatu nilisikia nyimbo za kanisa na majembe, nikadhani ni homa. Nilipojikokota nje, akina mama wa mwethya, kikundi chao cha kusaidiana kazi za shamba, walikuwa wamemaliza. Kiwanja kilikuwa kitupu, kimefagiliwa kama ua unaongoja wageni. Mbuzi walikuwa kwenye rundo la nyasi wakitafuna maua.

"Pole na ugonjwa, mwanangu," kiongozi wao alisema, akijifuta jasho. "Tulisema magugu yatammeza huyu, na hapa hana mama."

"Na nyoka je?" mwingine akadakia. "Ama ulikuwa umeshaoa mmoja humo?"

Wakacheka. Mmoja akanionyesha mmea wa boga uliojiotea pembeni. "Boga lako hatukuligusa."

Niliwaambia asanteni, nikawapa mkono mmoja mmoja. Tangu nifike Tawa, hao ndio walikuwa wa kwanza kuja mlangoni kwangu.

Nguvu ziliporudi, ndiyo asubuhi hiyo niliyoondoka. Lori la mbaazi lilinikuta njiani, likanishusha Emali, mji ambao sikuwa nimewahi kuukanyaga. Nikauliza chumba kwenye hoteli moja karibu na stesheni.

"Kuna cha peke yako," mama mwenye hoteli akasema, "na kuna cha vitanda viwili. Lakini huyo mwenzako ni fundi wa reli, na anaongea! Atakuuliza maswali mpaka usingizi ukukimbie."

"Nipe hicho," nikasema.